Kilio cha Pili cha Séraphin

Likasi, mvua zikianza

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Marlène,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana, wewe na shemeji Philippe na wote wanaolala chini ya paa lenu huko Kalemie. Mgongo unaendeleaje? Ulipoondoka hapa baada ya mazishi ya Séraphin wangu ulikuwa unatembea umeinama, nami sikukusindikiza mpaka kwenye basi kama ilivyonipasa. Unisamehe. Na shemeji je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku ni wazima. Mvua ya kwanza imenyesha, vumbi jekundu limelala, na mahindi niliyopanda nyuma ya nyumba yameanza kuchungulia. Mimi ninakula, ninalala, Jumapili ninaenda misa. Sina la kulalamikia.

Barua hii ataileta Mama Danielle wa kwaya yetu, anayekuja huko kumwoza binti yake. Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Lakini, Yaya, kila nikikupigia, hata salamu hazijaisha unaanza kulia, nami nabaki nimeshika simu sijui niseme nini. Safari hii nina mambo mengi, na nataka uyapate yote mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe utakukasirisha.

Siku ile ya mazishi uliniuliza kwa nini silii. Nakujibu sasa. Akina mama wa parokia walisema nina imani kubwa. Wengine, niliwasikia jikoni, walisema moyo wangu umekauka kwa sababu sikumzalia Séraphin mtoto. Wote hawakupatia. Umewahi kulalia mkono, ukaamka ukakuta umekufa ganzi, ukaushika kwa ule mwingine kama kitu cha jirani? Ndivyo nilivyo, Yaya, mwili mzima, tangu asubuhi ile alipoanguka akioga nami nikasikia ndoo ikibingirika. Watu wakinipa chai naona ni moto kwa sababu inatoa mvuke.

Sasa nianze na gari, maana mambo yote yalianzia hapo.

Unalikumbuka lile gari jeupe la mazout, yaani dizeli, lenye mgongo mrefu, ambalo Séraphin alikuwa akienda nalo ziwani Tshangalele kununua samaki tangu walipomwachisha kazi kiwandani. Baada ya mazishi lilikaa uani, majani ya mti wa avokado yakalifunika. Kisha Tshimanga, yule mdogo wake wa Kolwezi, akanipigia simu. Alisema kwa adabu, siwezi kumsema vibaya, kwamba familia imekaa, imeona kwamba mimi sina mtoto wa marehemu, hivyo gari litarudi kwa ndugu. Akaniomba nilitengeneze kabla hajaja kulichukua, asije akakwama njiani. Nikasema sawa. Ungekuwa hapa ungemtukana, najua. Mimi nilisema sawa, nikarudi kupepeta unga.

Kesho yake nikaliwasha. Yaya, gari lile lililia kama mbuzi anayefungwa miguu. Halafu likaanza kutetemeka lote, mpaka vioo, na chini kulikuwa na kitu kinagonga: ko, ko, ko, kama mgeni asiyechoka mlangoni. Nikamwita Bertin, fundi aliyekuwa akilihudumia siku zote. Akafungua boneti, akasikiliza, akanionyesha kwa tochi ingawa jua lilikuwa kali. Kule chini ya injini kuna gurudumu la chuma wanaloliita puli, limefungwa kwenye ule mhimili mkuu unaozunguka. Mimi nilidhani ni chuma kitupu. Kumbe ndani yake kuna pete ya mpira, ya kumeza mtikisiko. Bertin alinieleza kwamba mpira ule umekauka na kuchanika, kwa hiyo ukingo wa puli unayumba, na ukiyumba unatafuna mkanda. Na kweli, mkanda ulikuwa umetoka nyuzi kama kikapu kilichokaa sana uani.

Aliniambia mkanda huo mmoja ndio unaozungusha dinamo, pampu ya maji na usukani. Ukikatika, betri inakufa, usukani unakuwa mzito, maji hayatembei, injini inachemka. Puli mpya lazima itoke Lubumbashi, ataiagiza pamoja na mkanda, kwa sababu kuweka mkanda mpya juu ya puli mbovu ni kumpa mbwa mfupa mwingine. Kisha akanikataza kabisa kutoka na gari nje ya mji. Nikasema nimesikia.

Jioni hiyohiyo akaja Julie, yule muuza samaki wa sokoni ambaye Séraphin alikuwa akimletea mzigo. Alikaa kwenye kiti, akakataa maji, akaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake. Nikajua ana neno. Mwishowe akasema kwamba huko ziwani, katika kijiji kimoja ambako Séraphin alikuwa akinunua, kuna mwanamke anamngoja. Anaitwa Orpa, mtu wa kanisa la uamsho, anakausha samaki. Kila gari la samaki likifika anatoka kuuliza habari za Séraphin. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amekufa. Julie mwenyewe alimdanganya mara moja kwamba yuko safarini, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Halafu akamalizia huku akiangalia sakafu: mwanamke huyo ni mjamzito, na si mimba changa.

Nilingoja, Yaya. Nilikaa pale nikingoja kitu kiinuke ndani yangu, hasira au wivu, chochote. Nilisikia tu kuku wanagombania fito ya kulalia. Julie akapiga magoti kuomba radhi. Nikamwinua, nikasikia sauti yangu inasema kwamba nitaenda mimi kumwambia. Mtu hawezi kuachwa anangojea maiti.

Nikaondoka asubuhi na lile gari bovu. Bertin alinikataza, nami nilimwelewa vizuri kabisa. Sitakuficha: niliposhika usukani sikujali kama nitafika.

Lilikwenda. Lilikuwa likigonga njia nzima, watoto wa shule wakigeuka kutazama. Nilipoanza kuona maji ya ziwa yakimeta kule chini, taa nyekundu ya betri ikawaka. Nikasikia kishindo ndani ya boneti kama mjeledi, na usukani ukawa mzito kama ninavuta jiwe la kusagia. Nililikokota hivyohivyo mpaka penye nyumba za kwanza, sindano ya moto ikipanda, nikazima kabla halijachemka.

Hata sijafungua mlango, nikaona mwanamke anatoka nyuma ya vichanja vya samaki, anakimbia. Anakimbia, Yaya, na tumbo lile, mkono mmoja chini yake, anacheka. Alikuwa ameusikia mlio wa gari. Alikuwa anakuja kumpokea.

Alisimama alipoona ni mimi kwenye usukani. Kicheko hakikuondoka mara moja, kilibaki kidogo usoni kikiwa hakina kazi. Akauliza:

"Weye ni nani? Papa Séraphin iko wapi?"

Na mimi, sijui neno lilitoka wapi, nikajibu:

"Miye ni yaya yake."

Nilimshika mkono, nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno yaleyale niliyoambiwa na daktari, kwamba mshipa ulipasuka kichwani, kwamba hakuteseka. Hakupiga kelele mwanzoni. Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa ikiwaka moto, nikalazimika kukiondoa. Kisha akakaa chini mchangani, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtoto, ndipo sauti ikatoka. Wanawake wakaja kutoka kwenye vichanja na mikono yao ya magamba.

Walimlilia Séraphin siku hiyo, Yaya. Walitandika mikeka mbele ya nyumba ya Orpa, mchungaji wao akaja na kitabu na ngoma, wakaimba nyimbo nisizozijua. Mimi niliwekwa katikati, kwa kuwa ndimi ndugu wa marehemu, na kila aliyekuja alinipa mkono wa pole. Nikapokea pole za mume wangu kwa mara ya pili, kwa cheo kingine. Orpa alikuwa amelaza kichwa mapajani mwangu, analia mpaka nguo yangu ikalowa na kushikamana na ngozi. Nilikuwa nikimpapasa mgongo. Niliona anavyolia, nikafikiri: kumbe ndivyo kulivyo. Niliangalia kama mtu aliyekaa dirishani anaangalia mvua inavyowanyeshea wengine.

Ni hapo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Mama mmoja mzee wa jirani aliniita pembeni akanieleza. Muuguzi wa zahanati yao alimpima Orpa, akakuta presha iko juu sana, akamwambia aende Likasi hospitali bila kuchelewa. Kichwa kinamuuma, na machoni anaona vitu vinavyowaka kama vimulimuli. Lakini lori la samaki lilikuwa limekwisha pita, na pikipiki muuguzi aliikataza kwa sababu ya mashimo ya barabara. Orpa mwenyewe alikuwa akisema Papa Séraphin atakuja na gari. Alikuwa akisema hivyo kila siku.

Basi nikapanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya kanisa lao, ndipo simu inapokamata, nikampigia Bertin. Nilitegemea anigombeze. Akauliza tu kama nimezima injini mapema, nikasema ndiyo, akashukuru Mungu. Akasema puli imefika asubuhi hiyo na basi la Lubumbashi, iko mezani kwake. Nikamwambia habari ya mjamzito. Akasema atakuja kukipambazuka.

Usiku ule nililala kwenye kitanda kimoja na Orpa, kwa maana nyumba ile ina kitanda kimoja tu. Ukutani kulikuwa na koti la mvua la Séraphin, lile la kijani ambalo alinidanganya kwamba liliibwa. Nililiangalia mpaka taa ikazimwa. Nikalala. Hilo ndilo la ajabu, nililala vizuri.

Bertin alifika na pikipiki ya kukodi, puli akiwa ameifunga ndani ya mfuko wa unga, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto. Aliinua gari kwa jeki, akaweka magogo chini lisianguke, akatoa gurudumu la mbele la kuume na ile plastiki inayozuia matope. Sasa puli ikawa mbele ya macho yetu. Ukingo wake ulikuwa umejitenga na kitovu, unachezacheza ukiugusa, na mpira ulikuwa umetoka nje kama ulimi. Mkanda tuliukuta umejisokota chini umepasuka. Orpa aliuokota. Alikuwa amesimama hapo mbele ya gari, kitambaa kichwani, macho yamevimba, amekataa kulala ingawa wanawake walimsihi.

Kufungua ile boliti ya katikati kulimtesa Bertin. Ilikuwa imekaa humo miaka, imeota kutu. Alivisha bomba refu kwenye mpini wa ufunguo, akaning'inia kwa uzito wake wote, mishipa ikamtoka shingoni, mpaka ikalia kama bunduki na kuachia. Akaitoa puli ya zamani kwa kuipapasa na kuivuta huku na huku. Akafuta mhimili kwa kitambaa, akachungulia kama mafuta yanavuja nyuma yake, akaridhika. Puli mpya iliingia taratibu, nyeusi, inang'aa, imenyooka. Alileta na boliti mpya, akisema ile ya zamani imekwisha vutika, haifai kuaminiwa tena.

Sasa ilibaki kukaza. Bertin alinieleza kwamba akikaza, injini itataka kuzunguka pamoja na ufunguo, kwa hiyo lazima mtu akae ndani, aweke gia ya juu, akanyage breki kwa nguvu zote na asiachie hata kidogo. Gurudumu moja lilikuwa limetolewa, mengine yako chini, na breki ndiyo iliyoshika yote. Nikaingia. Nikakanyaga. Yeye akalala ubavu mchangani, nikaona tu miguu yake na ncha ya bomba ikipanda. Akapiga kelele kutoka kule chini:

"Bibi ya Séraphin, kanyaga! Nguvu! Usiachie!"

Bibi, Yaya, na si dada. Huku kwetu hata mtoto anajua bibi ya mtu ni mke wake.

Orpa alikuwa amesimama mbele ya kioo, mkanda uliopasuka mkononi. Aliniangalia. Nami sikuweza kushuka, sikuweza hata kugeuza uso, maana Bertin alikuwa amening'inia kwenye bomba na mguu wangu ndio uliomshikilia. Tukatazamana hivyo, mimi nimekanyaga, yeye amesimama. Ufunguo ulikuwa unalia, unatulia, unalia tena. Chuma cha breki kikaanza kuniuma wayo kupitia kiatu. Nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza kilichoniuma mwilini tangu mazishi. Bertin hakujua lolote. Alisema bado kidogo, bado kidogo, halafu akasema basi.

Nilipoondoa mguu, Orpa alikuwa amekwisha ingia ndani.

Sikumfuata. Nilikaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi. Bertin aliendelea. Alikuwa amepiga picha ya njia ya mkanda alipokuwa akilihudumia zamani, akaitazama kwenye simu, akaupitisha mkanda mpya kwenye puli, kwenye pampu, juu ya dinamo, akasukuma kile kigurudumu cha kukaza, akauachia ukakaa. Akauzungusha kwa mkono kwanza, kuhakikisha kila mfereji umeingia mahali pake. Akajaza maji. Betri ilikuwa haijafa yote, gari likawaka alipojaribu mara ya pili. Na lilinyamaza, Yaya. Yaani lilikuwa linanguruma kama mazout inavyonguruma, lakini kelele zile zote, mlio ule na kule kugonga, vimekwisha. Bertin aliniangalia akingoja nifurahi. Nilimwambia aksanti, kazi ni nzuri. Akaenda kunawa ziwani.

Ningeweza kuondoka wakati huo. Ufunguo ulikuwa mkononi. Nilifikiri hivyo waziwazi, kama mtu anavyofikiri kama afunge dirisha au aliache. Kisha nikaingia ndani.

Orpa alikuwa amekaa kitandani, amefunga nguo zake katika kitenge kimoja. Hakuinua macho. Nilimwambia kwamba Bertin hakukosea, mimi ndimi mke. Akajibu polepole:

"Nilijua tangu jana. Papa Séraphin aliniambiaka asema yeye njo mutoto wa kwanza kwabo. Haina na yaya."

Kumbe mzaliwa wa kwanza hana dada mkubwa, nami sikulifikiria hilo. Nikamwuliza: "Sasa juu ya nini haukusema?"

Akafikiri. Akasema:

"Ulikuwa unanishika mukono."

Tukakaa. Nje kuku alikuwa akidonoa magamba. Yeye akauliza kama ninamchukia. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba siku hizi sijui kama nina njaa, sembuse hilo. Akasema aliambiwa Séraphin ana mke mjini, hakudanganywa, alimkubali hivyo, na kwamba kila siku aliogopa siku nitakayokuja. Akasema pia kwamba kichwa kinampasuka na jicho moja sasa halioni vizuri. Nikachukua kile kitenge, nikamtanguliza kwenye gari.

Bertin alikaa nyuma amemshikilia mabega, maana Orpa alitaka kulala na tuliogopa usingizi ule. Niliendesha. Niliyapita mashimo moja moja. Njiani Orpa aliniuliza alikufa vipi hasa, si kama daktari alivyosema. Nikamweleza habari za ndoo, za maji yaliyokuwa yakiendelea kutiririka, na jinsi nilivyomfunika kwanza kabla sijaita watu, kwa sababu angeona aibu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hayo, hata wewe. Akasema aksanti. Kisha akaacha kusema, na Bertin akaniambia nikaze mwendo. Mkanda ule mpya ulishika, gari halikuyumba hata mara moja.

Hospitalini walimpeleka moja kwa moja. Mtu wa mlangoni akaniuliza mimi ni nani wake. Nilisimama pale na viatu vya Orpa mkononi, nikaona maneno yote ninayoyajua hayatoshi. Nikasema: andika kwamba niko naye. Sijui aliandika nini. Walimpasua jioni ileile. Daktari alitoka akasema wangekawia mpaka kesho, wangewapoteza wote wawili.

Sasa, Yaya, nimezunguka vya kutosha. Hili ndilo ninalokuandikia.

Orpa yuko hapa. Analala kwenye chumba ulicholala wewe. Mimi ndiye niliyemtoa hospitali, hakuna aliyenilazimisha, na sijamwambia siku ya kuondoka. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, lakini ananyonya. Orpa aliniomba nimpe jina. Alisema yeye ameniletea maumivu, basi jina litoke kwangu. Nami nilimpa jina la mama yetu. Nimemwita Suzanne.

Najua haki ya kulitoa jina hilo ilikuwa yako kwanza. Najua ulilitunza upate kumpa mtoto wangu, ulikuwa ukisema hivyo kila uliponiletea dawa za miti shamba, miaka yote ile. Sikukuomba ruhusa. Neno lilitoka kinywani, na lilipotoka sikutaka kulirudisha. Majirani wanasema mimi ni mjanja, nimeleta mtoto wa marehemu ili nibaki na mali. Wengine wanasema nimerogwa. Sipingi. Sina maelezo mazuri kuliko yao.

Tshimanga alikuja Jumamosi kuchukua gari. Aliliwasha, akalisikiliza, akasifu kazi ya Bertin. Nilimpa ufunguo. Alipoingia kunywa maji akamkuta Orpa sebuleni na mtoto, akauliza ni wa nani. Orpa hakujificha, alisema ni wa kaka yako. Tshimanga alimchukua mtoto, akamgeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akamwangalia masikio, yale masikio yao ya kusimama. Alikaa naye muda mrefu hata maji yake hakuyanywa. Mwishowe akauweka ufunguo mezani, akasema atarudi na wazee. Hatujui atarudi na neno gani. Gari bado liko uani.

Nataka uje, Yaya, lakini sitakudanganya kuhusu utakachokuta. Sijapona. Bado sijalia. Nikimbeba mtoto nasikia uzito wake mikononi, basi, sisikii zaidi ya hapo, ila sitaki mwingine ambebe. Kama huwezi kumkubali na jina lile, uniambie kwa kinywa chako, nitavumilia. Siku hizi ninavumilia kila kitu, na hilo ndilo linalonitisha kidogo.

Nisalimie shemeji Philippe, anywe asali na tangawizi kwa kifua chake. Wasalimie watoto wote, na jirani zako waliotuma michango wakati wa msiba, waambie haikupotea. Mpe Mama Danielle hata mstari mmoja wa kunijibu akirudi. Ukija, usije asubuhi mapema. Asubuhi ndiyo saa ambayo Orpa anamkumbuka Séraphin, na nyumba yetu inakuwa na kazi: yeye analia, mimi ninambeba Suzanne.

Mdogo wako,
Blandine